Sauti Haifundishwi kwa Chaki

Kuna lawama moja ambayo hurudiwa kila mara vijana wa visiwa vya Lamu wanapotajwa katika mambo ya elimu na ajira. Husemwa kwamba vijana hawa hawakijui Kiingereza. Na wale wanaotaka kuonekana waungwana zaidi husema kwamba wanakijua cha kuandika lakini si cha kuzungumza. Hudaiwa kuwa wanapozungumza hawana uchangamfu, kwamba hawajiamini, na wengine wao huambiwa kuwa ni wakali au wana kiburi. Nimeisikia lawama hii katika mikutano ya wazazi, katika ofisi za waajiri na hata katika vyumba vya walimu. Ningependa leo kuijibu, si kwa sababu haina chembe ya ukweli, bali kwa sababu ukweli uliomo ndani yake haujafahamika vyema. Na katika kuijibu sina budi kuanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita niliombwa niwe mmoja wa watu watano waliowahoji watafuta kazi katika taasisi moja ambayo sitaitaja. Miongoni mwa waliofika mbele yetu alikuwa kijana wa kisiwa cha Pate. Vyeti vyake vilikuwa safi, na alama yake ya Kiingereza katika mtihani wa kidato cha nne iliwashinda wengi waliomtangulia. Aliingia, akatoa salamu kwa sauti ya chini, akangoja mpaka alipoambiwa aketi, akaketi na kuinamisha macho. Tukamwuliza kwa Kiingereza kama aliwahi kufanya kazi ya kuweka hesabu. Alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwa neno moja tu, 'yes', akalitamka kwa sauti iliyoteremka na kukatika papo hapo. Sisi tukangoja aendelee. Yeye naye akangoja aulizwe swali la pili. Mambo yakaenda hivyo kwa muda wa dakika kumi na tano, swali kwa neno, neno kwa kimya.

Alipotoka, mwenzangu mmoja alisema kwamba kijana yule hana hamu ya kazi. Mwingine alisema kwamba ana dharau. Nami, niliyezaliwa Amu na niliyeisomea isimu mpaka nikapewa shahada ya uzamifu, nilimpa alama 3 kati ya 10 katika kifungu cha uwezo wa kuwasiliana. Kazi hakuipata.

Baadaye nilimwona tena kijana huyo huyo katika gati la Mtangawanda. Chombo kilikuwa kimechelewa, jua limewaka, na abiria walikuwa wameanza kuhamaki. Yeye ndiye aliyesimama kuzungumza nao. Sikukusudia kumsikiliza, lakini sikuweza kujizuia. Kwa wazee sauti yake ilikuwa ya taratibu na yenye kurefuka mwishoni. Kwa vijana wenzake iliruka na kucheza. Kwa mama mmoja aliyekuwa na mgonjwa ilishuka ikawa karibu na mnong'ono. Alijua pa kutua na pa kuharakisha. Alipotaja mahali chombo kilipokwama alisema 'kuleee', na kila mtu akaelewa kwamba si karibu. Kabla ya robo saa kwisha watu walikuwa wakicheka. Nilitamani ardhi ipasuke. Mtu niliyemwandikia kwa mkono wangu kwamba hawezi kuwasiliana alikuwa bingwa wa mawasiliano kuliko mimi na wenzangu wanne tukijumlishwa pamoja.

Je, kilichompungukia katika chumba kile ni nini? Si msamiati, wala si sarufi. Kilichompungukia ni kitu ambacho hatukuwahi kumfunza, kisha tukamwadhibu kwa kutokuwa nacho: namna Kiingereza kinavyotumia sauti nje ya maneno yenyewe. Wataalamu huviita vitu hivi viziada lugha. Ndani yake mna kiimbo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti katika sentensi. Mna shadda, yaani mkazo tunaoutia katika silabi au neno fulani. Mna kasi, mna ukubwa na udogo wa sauti, mna vituo. Na mna vile visauti visivyo maneno ambavyo hata hivyo husema mengi, kama vile kuguna, kukohoa, kushusha pumzi na kusonya.

Mtu wa Lamu hahitaji kuja chuo kikuu ili aambiwe kwamba sauti husema. Mwanamume anayepanda ngazi za nyumba ya mawe hukohoa kikohozi kisicho cha maradhi, na walio ndani hufahamu kwamba wanaarifiwa ili wajisitiri. Msonyo mmoja uliotolewa mahali pasipofaa umevunja urafiki wa miaka. Kigelegele hakina hata neno moja ndani yake, lakini mtaa mzima hujua kwamba pana harusi au mtoto amezaliwa. Katika jumba la makumbusho la Lamu zimehifadhiwa siwa mbili mashuhuri, ile ya Lamu ya shaba na ile ya Pate ya pembe za ndovu. Zama zake siwa ilipopulizwa haikutamka chochote, na hata hivyo kila aliyeisikia alijua kwamba pana jambo kubwa na kwamba wenye mji wamo ndani yake. Kama ni elimu ya sauti, basi sisi tulizaliwa nayo.

Tatizo ni kwamba kila lugha ina mapatano yake kuhusu kazi ambayo sauti itafanya na kazi itakayoachiwa maneno. Hapa ndipo Kiswahili na Kiingereza vinapoachana njia, na hapa ndipo watoto wetu wanapojikwaa.

Chukua mfano wa shadda. Katika Kiswahili karibu kila neno hutiwa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kanuni hii ina vighairi vichache, mathalani neno 'barabara', ambalo mkazo ukiwa katika silabi ya pili kutoka mwisho huwa ni njia kuu, na ukisogea nyuma silabi moja huwa na maana ya sawasawa. Ila vighairi kama hivi vyahesabika kwa vidole. Katika Kiingereza mambo si hivyo. Mkazo hauna kituo kimoja, na kuuhamisha ni kulihamisha neno. Neno 'record' likitiwa mkazo mwanzoni ni kumbukumbu, na likitiwa mkazo mwishoni ni kitendo cha kurekodi. Mtoto wa Siyu au wa Faza ambaye masikio yake yamezoea mapigo ya Kiswahili huyabeba mapigo hayo hayo mpaka katika Kiingereza, naye hana kosa, kwa kuwa hakuna aliyempigia mapigo mengine akayasikia.

Kubwa zaidi ni jinsi lugha hizi mbili zinavyoonyesha jambo lililo muhimu katika sentensi. Mwingereza akitaka kusisitiza kwamba ni Ali aliyekuja jana, na si mtu mwingine, huyaacha maneno yake mahali pake na kulipandishia sauti jina la Ali. Akitaka kusisitiza kwamba ni jana, na si leo, huihamisha sauti hiyo mpaka kwenye neno la jana. Maneno hayabadiliki, kinachobadilika ni sauti. Sisi hatufanyi hivyo, au tukifanya ni kwa nadra. Sisi husema 'Ni Ali aliyekuja jana', au 'Jana ndipo alipokuja Ali'. Kazi ambayo Mwingereza ameikabidhi koo sisi tumeikabidhi sarufi. Kwa hiyo kijana wetu anapozungumza Kiingereza kwa sauti iliyolingana tangu mwanzo hadi mwisho, yeye huamini kwamba amesema kila kitu, na msikilizaji wake huamini kwamba hakuna kitu alichokisema kwa nguvu. Mmoja anangoja ishara ambayo mwenzake hajui kwamba inangojewa.

Wala si kweli, kama wengine wanavyodhani, kwamba lugha za pwani yetu haziwezi kuibebesha sauti mzigo mzito. Kaskazini ya Lamu, katika mji wa Barawa ulioko Somalia, kuna lahaja iitwayo Chimwini, ndugu ya lahaja zetu za Kiamu na Kitikuu. Wanaisimu Charles Kisseberth na Mohammad Imam Abasheikh waliieleza kwa kina. Katika lahaja hiyo, kitenzi cha wakati uliopita chaweza kuwa na sauti zile zile za irabu na konsonanti kwa maana ya 'ulikula' na kwa maana ya 'alikula', na kinachotofautisha mtendaji ni mahali pa mkazo tu: ukiwa mwishoni ni wewe, ukirudi nyuma silabi moja ni yeye. Basi uwezo huo u karibu nasi sana. Kilichopo ni tofauti ya mapatano, si upungufu wa akili wala wa koo.

Sasa tuingie katika jambo la kimya. Katika chumba kile cha mahojiano, kilichomwangusha kijana wa Pate zaidi ya yote ni kunyamaza kwake kabla na baada ya kujibu. Lakini kijana yule alilelewa katika adabu isemayo kwamba mbele ya wakubwa hujibu kwa pupa, huongezi lisiloulizwa, wala hupazi sauti. Kimya chake kabla ya kujibu kilikuwa heshima kwa swali. Kushuka kwa sauti yake kulikuwa heshima kwa waulizaji. Wahenga wetu walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi, tuliokuwa tukihoji kwa Kiingereza, tulikisikia kimya kile kwa masikio ya Kiingereza, ambamo mtu akinyamaza baada ya kuulizwa hudhaniwa kwamba hajui, na neno fupi lililoteremshwa ghafla hudhaniwa kuwa mlango uliofungwa. Adabu iligeuka dharau njiani, baina ya mdomo wake na masikio yetu.

Jambo kama hili limetokea kwingineko, na limechunguzwa. Katika miaka ya 1970, mwanaisimu John Gumperz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichunguza kisa cha mkahawa wa wafanyakazi katika uwanja mkubwa wa ndege nchini Uingereza. Palikuwa na wanawake kutoka Bara Hindi walioajiriwa kuwapakulia watu chakula. Wasimamizi na wateja wakawalalamikia kwamba ni wakali na hawana adabu, ingawa maneno waliyosema yalikuwa machache mno. Mtu akichagua nyama ilimpasa mpakuaji amwulize kama anataka mchuzi. Wapakuaji wa Kiingereza walitamka neno hilo moja la mchuzi kwa sauti inayopanda, nalo likasikika kama ukarimu: je, nikutilie mchuzi? Wanawake wale walilitamka neno lilo hilo kwa sauti inayoshuka, kama ilivyo desturi ya lugha zao, nalo likasikika kana kwamba wanasema: mchuzi ndio huo, shauri yako. Kwao wao, kushusha sauti namna ile ndiyo ilikuwa njia ya kawaida ya kuuliza katika hali hiyo. Waliposikilizishwa sauti zilizonaswa, za kwao na za wenzao, ndipo walipofahamu kwa nini walikuwa wakichukiwa, na wasimamizi nao wakafahamu kwamba walikuwa wakiwachukia watu kwa ajili ya kiimbo. Gumperz alikieleza kisa hiki katika kitabu chake cha 1982, na tangu hapo kimesomwa na wanafunzi wa isimu katika pembe zote za dunia. Mimi mwenyewe nimekifundisha mara nyingi. Nilikisahau siku moja tu, ile siku niliyokihitaji.

Naomba nitahadharishe hapa, maana wapo wanaouza elimu hii kwa bei kubwa na kuitia chumvi. Watoao mafunzo ya mawasiliano kwa wafanyakazi wa hoteli na ofisi hupenda kusema kwamba katika mazungumzo maneno yana thamani ya asilimia 7 tu, sauti asilimia 38, na uso asilimia 55. Takwimu hizi zimetokana na majaribio ya Albert Mehrabian yaliyochapishwa 1967, ambayo yalihusu jinsi watu wanavyokisia hisia za msemaji, kama anapenda au anachukia, pale maneno yanapopingana na sauti au uso wake, tena yakitumia maneno mojamoja. Mehrabian mwenyewe amesema kwamba hazifai kutumiwa kwa mazungumzo ya kila namna. Lau zingekuwa kweli kwa kila jambo, mtu angeweza kuitazama filamu ya Kichina bila ya kujua Kichina na akaelewa sehemu kubwa ya kisa chake. Maneno yana nguvu. Ninachosema mimi ni kwamba sauti humwambia msikilizaji namna ya kuyapokea maneno hayo, na asiyeijua sauti hiyo hupokewa sivyo.

Je, shule zetu zimefanya nini kuhusu jambo hili? Mtu asiyejua atajibiwa kwamba limo katika mtihani. Na kweli limo. Katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya mtihani wa KCSE, yenye alama 60, stadi za kuzungumza zimetengewa alama 30. Lakini tazama zinavyotahiniwa! Mtahiniwa huketi kimya katika chumba cha mtihani, akiwa na kalamu, naye huulizwa kwa maandishi ni silabi ipi iliyo na mkazo, na kama sentensi fulani itasemwa kwa sauti inayopanda au inayoshuka. Hujibu kwa kuandika. Hakuna atakayemsikia. Mwanafunzi anaweza kuzipata alama hizo pasipo kuifungua midomo yake, na mwenzake mwenye kuzungumza vizuri anaweza kuzikosa.

Niliwahi kuzuru darasa la kidato cha tatu katika mojawapo ya visiwa hivi. Mwalimu, kijana mwenye bidii na asiye na lawama yoyote, alikuwa akichora mishale ubaoni kwa chaki: mshale wa kupanda kwa swali la ndiyo au siyo, mshale wa kushuka kwa taarifa. Wanafunzi wote walizipata sentensi kumi alizowapa, mishale yao imesimama sawasawa. Nikaomba ruhusa, nikawaambia wazisome sentensi zile zile kwa sauti. Zote kumi zilishuka. Hata maswali yalishuka, na walioyasoma walikuwa wamekwisha kuyachorea mishale ya kupanda kwa mikono yao wenyewe. Hawakuona kwamba mshale ule una uhusiano wowote na koo zao. Kwao ulikuwa alama ya kuandikwa, kama nukta au mkato. Mwalimu aliniambia baadaye kwa unyonge kwamba yeye pia alifunzwa hivyo hivyo, na shuleni hapana chombo hata kimoja cha kusikilizia.

Kinachoshangaza ni kwamba nchi yetu inajua namna bora zaidi. Mtahiniwa wa Kifaransa au Kijerumani katika mtihani huo huo wa KCSE huitwa, akaketi mbele ya mtahini, akazungumza na kupewa alama kwa alichokisema. Inakuwaje basi lugha za kigeni zinazosomwa na wachache zitahiniwe kwa mdomo, na Kiingereza, ambacho Katiba ya 2010 imekifanya lugha rasmi pamoja na Kiswahili, kitahiniwe kwa kalamu? Jibu linalotolewa ni wingi wa watahiniwa. Hoja hiyo nzito naifahamu. Lakini ikiwa hatuwezi kuipima sauti, tusijidanganye kwamba tumeipima.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote 2019, umekuja na ahadi njema, kwa kuwa umeitanguliza stadi ya kusikiliza na kuzungumza. Mfumo wa 8-4-4 ukiwa unafikia ukingoni, huu ndio wakati wa kuhakikisha kwamba ahadi hiyo haiishii katika mishale mingine ya chaki. Gharama yake si kubwa kama inavyodhaniwa. Shule zilipofungwa 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalipelekwa redioni, na watoto wengi wakayafuata. Redio ndiyo chombo cha sauti kuliko vyote, nayo hufika hata penye vitabu haba. Isitoshe, mwalimu anaweza kwa simu yake ya mkononi kuwanasa wanafunzi wake sauti, akawasikilizisha, kisha akawasikilizisha na mzungumzaji mwingine aliyesema sentensi ile ile. Dawa iliyowafaa wanawake wa mkahawa ule wa Uingereza ilikuwa hiyo hiyo: kujisikia na kulinganisha.

Lakini visiwa vya Lamu vina hazina nyingine ambayo shule hazijaigusa, nayo iko hatua chache tu kutoka milango yao. Mtoto wa Lamu huingia chuoni kwa mwalimu wa Kurani kabla hajaujua ubao wa shule. Huko hufunzwa tajwidi. Hujua kwamba kuna madda ya kurefushwa kwa harakati mbili na kuna ya kufikishwa harakati sita. Kwamba kuna sauti ya kupitishwa puani. Kwamba kuna alama ya mim inayomlazimu asimame, na alama ya la inayomkataza asisimame, kwa kuwa kusimama mahali pasipofaa huweza kuiharibu maana. Na haya yote hafunzwi kwa mshale. Mwalimu husoma, mtoto husikiliza, mtoto husoma, mwalimu humrudi, mpaka sauti ikae. Jioni mtoto huyo husikia tendi zikighaniwa nyumbani, na katika Maulidi husikia kasida kwa lahani zake mbalimbali, akajua kwamba kila utungo una sauti yake.

Sisemi kwamba Kiingereza kisomwe kwa lahani ya Kurani, hasha! Ninalosema ni kwamba mtoto huyu amekwisha kufunzwa jambo gumu kuliko yote, yaani kwamba sauti ina kanuni, kwamba kituo kina maana, na kwamba kanuni hizo hushikwa kwa sikio kabla ya kushikwa kwa jicho. Akifika katika somo la Kiingereza hafunzwi kwamba ujuzi huo unafaa huku pia. Mwalimu wa Kiingereza angemwambia tu kwamba lugha hii nayo ina vituo vyake, ina mahali pa kurefusha na mahali pa kukaza, kisha akamsomea naye akamfuatiza, kazi ingekuwa imefika nusu. Katika Tamasha la Muziki la Kenya watoto hughani mashairi ya Kiingereza kwa sauti zenye uhai mkubwa. Kinachofanywa kwa wachache ili kutafuta kombe kifanywe kwa wote ili kutafuta riziki.

Najua kwamba kuna watakaoniuliza: je, unataka watoto wetu waige sauti za Waingereza? La. Kiingereza cha leo hakina mwenyewe mmoja. Mhindi anakizungumza kwa lahani yake, Mnigeria kwa yake, na hata waliotuhoji kwa majivuno jijini Nairobi wanakizungumza kwa mapigo ya Kikuyu, Dholuo au Kikamba, lugha zenye toni ambazo Kiswahili hakina. Sina haja na mtoto wa Kizingitini azungumze kana kwamba amezaliwa London. Nataka azijue alama zile chache ambazo zikikosekana maana hupotea: mkazo wa neno lililo muhimu, kupanda kwa sauti kunakoonyesha ukarimu au swali, na visauti vya kumwashiria mwenzake kwamba bado anasikiliza au bado hajamaliza kusema. Zaidi ya hapo abaki na sauti yake. Mtu mwenye nguo mbili havui ya kwanza milele. Huvaa kila moja mahali pake.

Nao waajiri wana sehemu yao. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na tangu zamani hoteli za Shela na za mjini zimekuwa zikihitaji wenye Kiingereza. Kazi hizi zinatolewa katika vyumba kama kile nilichokaa mimi. Anayehoji vijana wa visiwani ana wajibu wa kujua kwamba kimya si ujinga na kwamba sauti ya chini si woga. Akimwambia mhojiwa tangu mwanzo kwamba anaruhusiwa, na hata anaombwa, kueleza kwa urefu, atakuwa amemfungulia mlango ambao adabu ilikuwa imeufunga. Sentensi moja tu ya namna hiyo ingetosha siku ile. Sikuitamka.

Kijana yule nilizungumza naye pale Mtangawanda, nikamwambia nilikuwa nani na nilimwandikia nini. Alinitazama, akaguna kidogo, kisha akasema, 'Yamepita, mwalimu.' Sauti yake ilishuka mwishoni, ikakatika, kama ile 'yes' ya kwanza. Safari hii niliisikia kwa masikio ya kwetu, nikajua kwamba amenisamehe na kwamba hakupenda tuyazungumze zaidi. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Mimi naona kwamba waalimu, watahini na waajiri hatuna tena ruhusa ya kujificha nyuma ya methali hiyo. Maana tunaijua. Tuwaambie watoto, na tuwaambie kwa sauti.